Vyumba Viwili vya Siracusa

Habari hii nilipewa na Filippa mwenyewe, mwaka juzi mwezi wa tisa, tulipokuwa tumekaa uani kwangu tunabangua lozi. Alinisimulia kidogo kidogo. Gunia zima liliisha naye hajamaliza, ikabidi arudi kesho yake. Naiandika kama alivyoisema.

Filippa ni mjane wa Vanni mshona viatu. Vanni aliugua akakaa kitandani miaka miwili, kisha akafariki, na Filippa akavaa nyeusi. Mwaka wa pili wa ujane, Gaspare kinyozi, ambaye naye mkewe alikuwa amekwisha kufa zamani, alimjia mlangoni ameshika kofia mkononi, akamwuliza kama angekubali kuolewa naye. Filippa alisema ndiyo kabla mwenzake hajamaliza. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, Gaspare sitini na nne.

Lakini yupo Lillo, mtoto wake wa pekee. Lillo hakukataa. Angekataa ingekuwa afadhali, wangegombana yakaisha. Lillo alisema, "Mama, ngojeni zeituni zivunwe." Zikavunwa. "Mama, ngojeni tupake nyumba rangi." Ikapakwa. "Ngojeni Concetta ajifungue." Mkewe akajifungua mapacha. Miaka mitatu ikapita hivyo. Halafu siku moja mwezi wa sita Lillo akaja na habari mpya: amemtengenezea mama yake chumba nyumbani kwake, nyuma ya jiko, ahamie huko awalee mapacha.

"Mtu akishaingia chumba kile," Filippa aliniambia, "hatoki tena kuolewa. Anatoka kuzikwa."

Sasa, hapa kwetu Racalmesi zamani kulikuwa na dawa ya mambo haya. Kijana na msichana wakipendana na wazee wakazungusha, walitoroshana. Wanalala mahali siku moja au mbili, habari zinaenea, na baada ya hapo wazee hawana la kusema tena. Wanafoka, wanaita kasisi, wanapika. Nusu ya bibi zetu waliolewa hivyo. Siku hizi hakuna tena, watoto wanahamia pamoja bila kumkimbia mtu. Filippa yeye aliolewa na Vanni kwa posa na utaratibu wote. Hakuwahi kutoroshwa.

Jumapili ile baada ya misa alimngoja Gaspare kwenye ngazi za kanisa.

"Don Gaspare, nitoroshe."

"Nikutoroshe?"

"Ndiyo. Twende Siracusa. Ijumaa."

Gaspare akatazama huku na huku. "Donna Filippa, mimi ni mtu wa miaka sitini na saba. Na hili goti langu..."

"Kwani nimesema tukimbie kwa miguu? Kuna basi la saa kumi na moja alfajiri. Wewe tafuta nyumba ya kulala tu. Mengine niachie mimi."

Ijumaa Filippa aliacha barua juu ya meza ya jikoni. Aliniambia maneno yake yote, hayakuwa mengi. *Lillo mwanangu, nimetoroshwa na Don Gaspare. Tupo Siracusa, nyumba ya wageni ya Donna Sarina, na namba ya simu ni hii hapa chini. Maharage yamo kwenye friji.* Namba aliiandika mara mbili isije ikasomeka vibaya. Maana mtu aliyetoroshwa asipojulikana alipo, huyo hakutoroshwa, amesafiri tu.

Kituoni alimkuta Gaspare amekwisha kufika, amevaa suti yake ya sufu ya kijivu, ile ya harusi na mazishi, kidevu kinang'aa kama sahani.

"Joto lote hili, umevaa sufu?"

"Mtu hamtoroshi mwanamke na shati tupu," Gaspare akasema, akampokea mfuko.

Basi liliposimama Catania watu wapumzike, Filippa aliingia msalani amevaa nyeusi, akatoka amevaa gauni la buluu lenye madoa meupe. Alilishona mwenyewe, mlango umefungwa, na kitambaa alikinunua kwa mchuuzi wa mbali ili mji usijue. Gaspare alikuwa amesimama anakunywa kahawa. Akakiweka kikombe chini. Akakiinua tena, hakina kitu, akakinywa hivyo hivyo.

"Sema basi," Filippa akamwambia.

"Niseme nini?"

"Chochote."

Gaspare akafikiri. "Sijawahi kuiona mikono yako mpaka kwenye kiwiko," akasema, akatazama pembeni.

Filippa aliniambia kwamba toka Catania mpaka Siracusa hakuona njia. Alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe.

Walifika saa nne. Donna Sarina, mwenye nyumba, mwanamke mnene anayejipepea kwa kipepeo cha karatasi, aliwapokea mifuko, akawaambia watandikiwe kwanza, wakatembee, warudi saa saba. Wakatoka. Jua lilikuwa limekaa juu ya mji kama linalipwa. Katika uwanja wa kanisa kuu mawe yote ni meupe, na mwanga unatoka juu na chini, mpaka wakawa wanatembea wamefinya macho kama watu wanaokumbuka jambo. Walikaa kwenye ngazi za kanisa, pale chini ya sanamu za watakatifu.

Gaspare aliinua kichwa akamtazama mtakatifu Paulo kwa muda mrefu.

"Unasali?" Filippa akamwuliza.

"Hapana. Ndevu zake. Upande wa kushoto zimekatwa vibaya."

"Don Gaspare, umestaafu."

"Jicho halistaafu. Na yule Petro naye, kisogo chake, aibu tupu."

Filippa alicheka mpaka akashika ubavu. Aliniambia hakukumbuka mara ya mwisho kucheka mahali palipo na jua. Mtu wa kuvaa nyeusi akicheka, hucheka ndani ya nyumba.

Wakashuka sokoni. Wauza samaki wa kule, kelele zao unazisikia kabla hujaona hata mkia wa dagaa. Mmoja wao alikuwa ameweka kichwa cha nduaro mezani, upanga umeelekea juu, na yeye amesimama nyuma yake kama mlinzi. Akamwona Gaspare.

"Mzee! Mzee wa suti! Mkatie mkeo kipande!"

"Si mke wangu," Gaspare akajibu.

Watu wakageuka. Yule muuza samaki akashika kiuno.

"Si mkeo? Basi mkatie vipande viwili! Mwanamke kama huyo akikupotea utakula nini, kofia?"

Soko zima likacheka, na Filippa akacheka nalo. Lakini lile jibu lilimchoma mahali. Halikuwa jibu lenyewe, ila haraka yake. Gaspare alilitoa kama mtu anayerudisha kitu alichokutwa nacho.

Walikula barafu ya lozi na mkate mtamu, wamekaa kwenye kivuli cha turubai. Filippa alikula kwa pupa, hakuona aibu, njaa ilikuwa imemkamata toka Catania. Barafu ikambaki juu ya mdomo. Gaspare akanyoosha mkono, akaifuta kwa dole gumba, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni, vile alivyokuwa akiwafuta wateja wake sabuni. Halafu akatambua alichofanya. Masikio yake yakawa mekundu.

"Mazoea ya kazi," akasema.

"Endelea na kazi," Filippa akasema. "Upande huu bado."

Hakuendelea. Alimpa kitambaa.

Wakatembea mpaka kwenye ile chemchemi iliyo karibu na ukuta wa bahari, mafunjo yamesimama katikati ya maji na bata wanapita chini yake. Upepo wa bahari ulikuwa unapuliza gauni la Filippa. Akamshika Gaspare mkono, akaupitisha wake ndani ya wa kwake, kama wake za watu wanavyofanya jioni wakitembea. Gaspare akakakamaa kama kijiti.

"Watu," akanong'ona.

"Watu gani? Hapa wanaotujua ni hawa bata?"

"Hata hivyo. Wakituona hivi watadhani..."

"Wadhani! Si ndicho tulichokuja kutafuta?"

Gaspare hakuuondoa mkono, lakini hakuukunja pia. Wakatembea hivyo, yeye amekuwa mgumu kama ubao, na Filippa akaanza kuhesabu moyoni. Basini Gaspare alikaa kiti cha kando yake, akaweka kofia katikati. Sokoni, si mke wangu. Kwenye barafu, kitambaa. Pengine amejuta. Pengine mtu wa miaka sitini na saba anakubali mambo kwa sababu ya adabu tu, kama anavyokubali kikombe cha pili cha kahawa.

Saa saba na nusu walirudi kwa Donna Sarina. Huyo mama alikuwa anawangoja mlangoni, uso umejaa habari.

"Donna Filippa! Mwanao amepiga simu. Kijana mzuri! Mwanzoni alifoka, alifoka kweli, nikasema huyu atapasuka mshipa. Anauliza, mama yangu yupo hapo na mwanamume? Nikamwambia, bwana wee, tulia, hii ni nyumba ya heshima. Don Gaspare aliagiza vyumba viwili. Mama namba nne, yeye namba saba, na katikati amelala padri mmoja wa Ragusa. Basi! Ungemsikia anavyocheka. Kafurahi huyo!"

"Alisema nini?" Filippa akauliza. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Anawatakia mapumziko mema. Anasema uwaletee mapacha vitamu vya lozi. Na Jumatatu, anasema, watu wa kukuhamishia kitanda watakuja asubuhi, uwe umerudi."

Akaweka funguo mbili mezani, moja kila upande, akazisogeza kwa vidole kama anagawa karata.

Filippa alichukua ufunguo wa namba nne akapanda ngazi. Gaspare akachukua ule wa namba saba na mfuko wake, akamfuata na goti lake, ngazi kwa ngazi. Juu kwenye ujia Filippa akageuka.

"Vyumba viwili."

"Donna Filippa..."

"Nimeacha barua. Nimevua nguo nyeusi msalani Catania kama mwizi. Nimepanda basi alfajiri. Mji mzima wa Racalmesi saa hizi ulitakiwa uwe umeshika kichwa. Na mwanangu anacheka! Anacheka, anaagiza vitamu!"

"Polepole, padri amelala."

"Aamke! Atakuwa shahidi! Gaspare, wewe ndiye mwanamume wa kwanza katika kisiwa hiki chote kumtorosha mwanamke na kumpangia chumba chake peke yake. Tena na padri katikati!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Gaspare bila lile Don la heshima. Wote wawili walilisikia hilo.

"Nilitaka heshima yako iwe salama," Gaspare akasema.

"Heshima yangu? Ndiyo niliyokupa uiharibu! Ndiyo kazi niliyokupa, moja tu!" Akaufungua mlango wa namba nne. "Kama umejuta, sema. Mimi ni mtu mzima. Nitarudi, nitaingia chumba cha nyuma ya jiko, nitawaosha mapacha, na wewe nitakusalimia kanisani. Lakini usinitembeze juani na gauni jipya kama shangazi yako."

Aliingia, akakaa kwenye kitanda. Mlango hakuufunga. Aliniambia hivi: "Ningeufunga, mambo yangeishia pale. Nilijua hivyo. Nikauacha."

Gaspare alisimama nje, kofia inazunguka mikononi. Mwishowe aliingia hatua moja, akasimama karibu na kabati.

"Sijajuta," akasema.

"Basi ni nini?"

"Ni Vanni."

Filippa akainua macho.

"Miaka miwili nilikuja kumnyoa," Gaspare akasema. "Kila Jumamosi. Nilikuwa namnyoa mumeo, masikio yangu yako jikoni kwako. Ukiweka sufuria najua. Ukifungua maji najua. Siku moja nilimkata hapa, chini ya sikio, kwa sababu uliimba. Mimi, sijamkata mteja miaka arobaini! Alikuwa mgonjwa, hawezi kuinuka, na mimi nimeshika wembe shingoni mwake namtamani mkewe. Sikusema neno, sikuinua jicho, unajua. Lakini yeye alijua. Jumamosi moja aliniambia, 'Gaspare, kila nikigeuza shavu, wewe unageukia mlango wa jikoni.' Sikumjibu. Basi nilipoagiza nyumba hii kwa simu, yule mama akaniuliza chumba kimoja au viwili, nikamwona Vanni amelala pale na sabuni usoni. Nikasema viwili."

Chini barabarani pikipiki ilipita. Filippa alikuwa ameweka mikono mapajani.

"Alikuambia lini hayo?"

"Mwaka wa kwanza. Karibu na Krismasi."

"Mwaka wa kwanza. Gaspare, Mimmo duka lake liko wapi?"

"Mimmo kinyozi? Si mbele ya mlango wako."

"Hatua ngapi?"

"Kumi. Kumi na mbili."

"Na lako lilikuwa juu kule kanisani kwa Mtakatifu Rocco, ngazi tisini na mbili. Nazijua, maana nilizipanda kila Jumamosi. Nilimwambia Vanni, jamani, nimwite Mimmo, miguu inaniuma. Akasema, 'Hapana. Mwite Gaspare.' Nikamwambia Mimmo ni rahisi zaidi, tena anaongea, atakuchangamsha. 'Mwite Gaspare.' Mwaka mzima baada ya ile Krismasi unayoisema, mpaka Jumamosi ya mwisho. Mwite Gaspare, mwite Gaspare. Mimi nilidhani ni ubishi wa mgonjwa."

Gaspare akakaa. Hapakuwa na kiti hapo. Alikaa juu ya mfuko wake wa safari.

"Alinituma kwako, unaona?" Filippa akasema. "Ngazi tisini na mbili, kila wiki. Vanni alikuwa mtu wa maneno machache, hakuwahi kuniambia hata viatu vyangu vimekaa vizuri, naye ndiye aliyevishona. Sijui alikuwa anafikiri nini. Labda alipenda wembe wako tu. Lakini angekuwa anakuchukia, Mimmo alikuwepo hatua kumi."

Gaspare alifunika uso kwa kofia. Alilia ndani ya kofia, bila sauti, mabega tu. Filippa alimwacha alie. Alipomaliza, alinyoosha mkono.

"Nipe huo ufunguo wa namba saba."

"Unakwenda wapi?"

"Kuurudisha."

Donna Sarina alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, macho yameanza kumlegea. Saa nane kasoro, madirisha ya mbao ya mtaa mzima yalikuwa yanafungwa moja moja. Filippa akauweka ufunguo mezani.

"Chumba hiki hatukihitaji."

Donna Sarina akaamka kabisa. "Kina kasoro? Kina upepo mzuri kile."

"Hakina kasoro. Hakina kazi."

"Mchana huu?" Donna Sarina akasema. Kipepeo kikasimama. "Na padri?"

"Padri hatumhitaji leo. Sasa nifanyie jambo moja, mama. Mpigie mwanangu. Umwambie kama ulivyomwambia mwanzo, kwa maneno yale yale, ila idadi ya vyumba ubadilishe."

Donna Sarina alimtazama Filippa. Kisha akamtazama Gaspare, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi ya chini, macho mekundu, amevua koti la suti. Filippa aliniambia hajawahi kuona mtu akichukua simu kwa furaha kama ile.

"Bwana Lillo? Ni mimi tena, Siracusa. Nilikosea, bwana. Vyumba ni kimoja." Akakiweka chombo mbali na sikio, maana sauti ilikuwa inatoka yenyewe. Akampa Filippa.

"Mama! Umefanya nini?"

"Kilichoandikwa kwenye barua."

"Mama, una miaka sitini na mbili!"

"Naijua, nilikuwepo yote."

"Mji utasema nini?"

"Utasema nimetoroshwa. Mpe mji habari mapema, Lillo, usije ukaipata kombo."

Lillo alifoka. Filippa alimwacha afoke, akiegemea meza, kama anavyongoja maziwa yachemke yashuke. Kelele ziliposhuka, Lillo akasema, na sasa haikuwa tena sauti ya mtu mwenye mapacha:

"Na picha ya Baba?"

Hapo ndipo Filippa alipoelewa miaka mitatu ya zeituni na rangi ya nyumba. Picha ya Vanni iko ukutani sebuleni, na taa ndogo chini yake, na Lillo akija hupita hapo kwanza kabla ya kumsalimia mtu.

"Picha ya baba yako haitoki," akasema. "Wala taa yake. Gaspare ataikuta hapo, na akitaka kulalamika, atalalamikia ngazini."

"Sitalalamika," Gaspare akasema kutoka pale alipo.

"Amesema nini?"

"Amesema ataibadilishia balbu."

Nyuma ya Lillo mtoto mmoja wa mapacha alikuwa analia, na Concetta anasema kitu ambacho hakikusikika vizuri, ila kilikuwa kirefu.

"Mtakuja Jumapili," Lillo akasema. Alikuwa amejaribu kuipata sauti ya babu yake, na karibu aipate. "Mtapita mlango wa mbele, baada ya misa, watu wakiona. Mtaomba radhi, wote wawili. Kisha nitakwenda kwa kasisi kupanga siku. Na wale watu wa kitanda nitawaambia wasije."

"Niombe radhi kwako? Kwako wewe niliyekunyonyesha?"

"Mama, ndivyo inavyofanywa. Umetoroshwa au hukutoroshwa?"

Filippa akafikiri. Alikuwa amekamatika kwa kamba yake mwenyewe.

"Nimetoroshwa."

"Basi."

"Lakini sitapiga magoti. Nitaomba nikiwa nimekaa."

"Umekaa, sawa."

"Na Don Gaspare goti lake ni bovu."

"Mama, akae naye! Kaeni wote! Nani amesema magoti?" Lillo akapumua. "Concetta anauliza, atapika nini."

"Mwambie aloweke mbaazi. Mengine nitayakuta." Akaongeza, kwa upole kidogo, "Vitamu vya mapacha nitaleta."

Akakata simu. Donna Sarina alikuwa anajifuta macho kwa kipepeo. Akaurudisha ufunguo wa namba saba kwenye msumari wake, akasema kwamba harusi ikipangwa asisahauliwe, kisha akaegemea kiti, na kabla hawajafika katikati ya ngazi walimsikia amekwisha kulala.

Chumbani Filippa alifunga madirisha ya mbao. Jua likabaki nje, likaingia mistari mistari tu sakafuni. Gaspare alitundika koti, akapanga viatu vyake sambamba chini ya kitanda, akasimama na soksi.

"Nilale upande gani?" akauliza.

"Wa mlangoni. Wa dirishani nataka mimi, nimeutaka miaka thelathini na tano."

Alilala chali na shati lake, mikono kifuani, amejipanga ukingoni kabisa. Filippa akalala naye. Kitanda kilikuwa kimechoka, kikawasogeza katikati chenyewe. Baada ya muda Gaspare akautafuta mkono wake juu ya shuka, akaupata, akaushika kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko, taratibu.

"Filippa," akasema. Bila Donna.

"Nini?"

"Hakuna. Nilitaka kulisema."

Akalisema mara nyingine moja, na ya tatu ikaishia katikati, na pumzi yake ikawa nzito.

Filippa alikaa macho. Nje, mtu alikuwa anaosha sahani, kisha akaacha. Mtaa wote ukanyamaza. Akataka kuufikiria uso wa Lillo siku ya Jumapili, lakini akajikuta anafikiria sufuria. Watu watakuja wengi, kutazama. Ile kubwa mpini wake umelegea. Ile ya shaba ingefaa, ila alimwazima jirani tangu Pasaka. Ya Concetta ni nzuri lakini ni nyembamba, mbaazi zitashika chini. Labda zile mbili za wastani, moja juu ya moto huu na moja...

Hapo usingizi ukamchukua.